Pacha Asiyelia

Jumatatu, tarehe 15 Oktoba 2091. Ukungu ulikaa juu ya uwanda mpaka saa mbili asubuhi, mzito, na upepo ulikuwa bado haujaamka. Siku ya namna hiyo moshi wa tanuri haupandi. Unatoka kwenye bomba, unafika usawa wa paa, kisha unageuka na kuwarudia watu.

Nilifungua maabara saa kumi na mbili na nusu. Nilipiga ishara ya msalaba kama kawaida yangu, nikawasha pampu inayovuta hewa ya tanurini na kuipitisha juu ya vioo. Vioo vilikuwa mia moja na nane, kila kimoja na ukubwa wa kifuniko cha soda. Chini ya kila kioo niliandika jina kwa mkono wangu.

Mtu anapoajiriwa katika kiwanda cha korosho cha Namkonda, nampitishia brashi nyembamba puani, mara moja kila tundu. Anapiga chafya, ananitukana kidogo, basi. Chembe zinazobaki kwenye brashi nazilea kiooni siku ishirini na nane mpaka zinakuwa utando kamili. Unakuwa na tezi zake za ute na nyuzi zake za fahamu, na juu yake nywele ndogo sana zinazopiga pamoja kama mtama mchanga upepo ukipita. Ni kipande cha njia ya hewa ya mtu kinachoishi nje ya mwili wake. Wakubwa wana jina refu la kitu hicho. Wafanyakazi walikiita pacha tangu siku ya kwanza, na mimi nikakiita hivyo.

Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, na moshi wake unababua koo. Kila Jumatatu mapacha walivuta moshi uleule watakaouvuta wenye nao wiki nzima. Pacha akifura, akitoa ute mwingi, tunasema analia. Akilia Jumatatu tatu mfululizo, mwenyewe anatolewa tanurini na kupelekwa kuchambua korosho. Kuchambua ni kazi ya kivulini, watu wanakaa chini na kupiga soga. Lakini mchambuaji anapata ndoo moja ya maji kwa siku, na wa tanurini anapata tatu. Huku uwandani hatuna visima. Maji yanapandishwa kwa mashine kutoka bondeni, na mwenye mashine ni kiwanda. Kwa hiyo watu mia moja na nane walikuwa wakimwomba Mungu mapacha wao wasilie.

Asubuhi hiyo hakulia hata mmoja. Ilikuwa hivyo kwa misimu miwili.

"Dada!" Mdogo wangu Modesta alibandika uso kwenye dirisha la maabara. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu ya tanurini, nywele zake zimeoshwa zinang'aa. Ni yeye peke yake Namkonda nzima aliyeosha nywele kila Jumamosi, na wanawake walimsema. "Pacha wangu ameamkaje? Asije akanitia aibu."

"Mkavu."

"Mtoto mzuri huyo. Hajarithi kwako, wewe unalia hata kwenye ubatizo."

Nyuma yake alisimama Konradi Nampota, msimamizi wa sufuria kubwa, mtu mwenye mabega kama mlango. Kitambaa chekundu kilikuwa shingoni, kimefungwa fundo upande wa kushoto kama kawaida yake. Macho yake yalikuwa mekundu pia.

"Mwalimu wa mapacha," aliniambia, "nisomee haraka. Leo mwili unawaka, nataka nikautoe jasho kwenye moto."

"Una homa?"

"Homa ya wale wavunaji waliokuja na lori. Nusu ya kambi yao imelala. Lakini kifua changu hiki hapa." Alijipiga kifuani kwa ngumi. "Sikohoi. Paskalia mke wangu hakohoi. Tungekuwa tunaumwa si tungekohoa?"

Niliangalia kioo chake kwa hadubini. Kilikuwa kikavu. Niliona pia kwamba nywele zile ndogo hazikupiga. Zilikuwa zimelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Lakini kanuni iliniuliza jambo moja tu, analia au halii. Niliandika, "Mkavu. Aendelee na kazi."

Konradi alipita getini. Pale mlinzi alimpulizia kila mmoja dawa ya Tulizo kinywani, pumzi moja kabla ya zamu, kama wanavyopewa ndama chanjo. Konradi alivuta, akamtania mlinzi, akaingia motoni.

*

Lazima nieleze jinsi Tulizo ilivyowafikia mapacha, maana kosa hilo lina saini yangu.

Dawa ilipoletwa, walipewa watu peke yao. Inaziba nyuzi za fahamu za koo na kuzifunga tezi za ute. Siku ya pili kikohozi kilikwisha tanuri zima, watu wakashangilia. Ila mapacha kwenye vioo, ambao hawakupewa kitu, waliendelea kulia, na watu waliokuwa wazima kabisa kwa macho yao wakaanza kutolewa kazini.

Basi wanawake wa tanuri walinijia. Aliyewaongoza ni Bi Somoe Mkwanda, ambaye hana breki mdomoni. Alisema, "Skola, wewe umezaliwa kwenye nyumba yenye mapacha. Ukimnunulia Kulwa shati ukamwacha Doto, nini kinatokea?"

"Doto anaugua," nilisema.

"Anaugua na kinyongo chake kinamrudia nduguye. Sasa ninyi mnatupa dawa sisi, mnawanyima wenzetu mle ndani, halafu mnashangaa wanatulilia?"

Mapacha hawabaguliwi. Mama yangu alitulea hivyo, na kaka zangu wawili walivaa nguo za kitambaa kimoja mpaka walipooa. Nilikwenda nyumbani, nikasali, nikaandika barua kwa mwandiko wangu bora. Nilisema kwamba ili kipimo kiwe cha haki, pacha ale anachokula mwenzake. Hata kwa kitabu ilikuwa na maana. Meneja aliisaini barua ile ndani ya saa moja. Nilidhani kasi yake ilikuwa wema.

Tangu siku hiyo mapacha walidondoshewa Tulizo kila asubuhi, nao wakanyamaza.

Jumatatu ile, baada ya kumwona Konradi, sikutulia. Saa saba mchana nilichukua mapacha wote wa akiba, maana kila mtu ana wawili, mmoja wa kazi na mmoja wa akiba, na wote wanapata hewa ileile ya tanurini na dawa ileile. Niliwaosha Tulizo kwa maji ya chumvi, mara tatu, mpaka haikubaki hata chembe. Nikakaa na saa ya mkononi.

Wengi walichukua muda, kisha nywele zao zikaanza kupiga, kwa uchovu, kama mtu anayejifunza kutembea baada ya kulazwa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha kioo cha Paskalia, mke wa Konradi, kilianza. Ute ulitoka safi kwanza, halafu mweupe, halafu wenye damu. Utando ulifura na kupasuka, chembe zikabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, na bado ute ulitoka. Ulijaza kioo, ukamwagika mezani. Dakika kumi na tisa pacha alikuwa amezama ndani ya ute wake mwenyewe, amekufa.

Nilielewa nilipoukata ule utando na kuutazama. Tulizo haikuziua zile tezi. Ilizifunga midomo, nazo kwa kutosikika zikawa zinazaliana chini kwa chini, misimu miwili. Pale palipokuwa na tezi moja palikuwa na tisa. Siku ya kufunguka, zinafunguka zote. Nilijaribu kumdondoshea Tulizo tena pacha aliyekuwa anazama. Haikushika. Nilijaribu kupunguza dawa kidogo kidogo. Inashika yote au inaachia yote, haina katikati.

Kati ya mia moja na nane walizama ishirini na sita. Modesta alikuwa mmoja wao. Dakika arobaini na moja.

Kioo cha Konradi kilikuwa kisa kingine. Kwenye maji yake ya kuoshea nilikuta kirusi cha homa ya wavunaji, maana hewa ya tanurini ilikuwa na pumzi zake. Kilikuwa kimeingia mpaka chini, kimetafuna utando wote, bila ute wa kukinasa wala nywele za kukifagia nje. Pacha wake hakulia kwa sababu hakuwa na uwezo wa kulia. Alikuwa anaoza kimya.

Watu wakiendelea na Tulizo, homa ile inawashukia mapafuni bila kubisha hodi. Wakiiacha, ishirini na sita wanazama.

*

Meneja wetu, Bwana Erasto Ngailo, alinipokea Jumanne asubuhi na chai ya maziwa. Alisoma karatasi zangu zote, polepole, akilamba kidole kila alipogeuza ukurasa.

"Kazi safi, Bi Lihame," alisema. "Wenye shahada wangechukua mwezi."

"Watu watoke tanurini leo, bwana."

"Watoke waende wapi? Tani mia nne ziko uwanjani. Tanuri likizima, mashine ya maji inazima, inatumia mafuta ya maganda hayohayo. Mji huu una watu elfu sita. Utawanywesha nini, sala zako?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa anamimina chai. "Dawa ya kuwatoa kwenye Tulizo ipo. Inaitwa Rejesho. Mtu anaacha Tulizo siku mbili, tatu. Kikohozi cha kwanza kikitoka tu, anavuta kopo zima, siku hiyohiyo, na tezi zinalala kwa utaratibu. Kopo moja, mtu mmoja."

"Tunayo mangapi?"

"Yalikuja mawili, ya majaribio. Mengine yanakuja na lori baada ya wiki tatu, Mungu akipenda. Neno lako hilo."

"Mawili," nilisema.

"Moja. Jingine mwanangu alilivuta wiki iliyopita. Sasa yuko Mtwara anakohoa kama binadamu."

Alikuwa anajua. Wiki nzima kabla ya vioo vyangu, alikuwa anajua. Alifungua droo, akaweka kopo dogo la kijani mezani, akalisukuma kwa kidole kimoja mpaka likagusa mkono wangu.

"Modesta ni mdogo wako wa mwisho, sivyo? Mama yenu alikuachia yeye. Endelea kuandika 'mkavu' mpaka lori lije. Ni wiki tatu tu. Ukiwaambia leo, wataacha dawa wote kwa hofu, na hao ishirini na sita watakuwa wamekufa Ijumaa. Utakuwa umewaua kwa ukweli."

Sijui mpaka leo kama alikuwa anasema uongo. Nililichukua kopo. Nilisali baada ya kulichukua. Kabla ya kulichukua sikusali, kwa sababu nilijua nitajibiwa nini.

Nilimwambia Modesta nusu. Nilimwambia kuna dawa mpya, yeye wa kwanza, afumbe mdomo getini, mlinzi akipuliza asivute.

"Kwa nini mimi?" aliuliza.

"Kwa sababu nimesema."

"Na wengine?"

"Wanafuata."

Alinitazama sana. "Dada, wewe hujui kudanganya. Unapepesa macho kama mbuzi aliyeona mvua." Lakini alinitii. Tangu mama afe alikuwa akinitii katika mambo makubwa, na kunitania katika madogo.

*

Konradi Nampota alifia kwenye sufuria yake Alhamisi, saa nne asubuhi, akiwa amesimama. Waliokuwa karibu walisema aliacha kukoroga, akatazama juu kama mtu aliyeitwa, midomo ikiwa ya buluu, akaanguka. Hakukohoa hata mara moja.

Walipomgeuza kumwosha, maji ya rangi ya waridi yalimtoka puani na mdomoni. Paskalia aliweka beseni. Yalitoka mpaka yakafunika chini ya beseni, yakapanda. Mimi nilishika taa. Mke wake aliniuliza, "Skola, haya yote yalikuwa ndani yake, na pacha wake ulimwandika mkavu?"

Nilisema ndiyo, alikuwa mkavu.

Paskalia, ambaye zamu yake ya tanurini ni ya mchana, hakwenda kazini siku hiyo, wala Ijumaa. Mfiwa hatoki. Mimi nilikuwa nashona ukili wa mkeka wa msiba na kina mama wengine, sikufikiri mpaka ilipokuwa jioni ya siku ya kwanza, na nilipofikiri, sindano ilinichoma kidole. Tulizo inapuliziwa getini tu. Paskalia hakuwa amepita getini.

Kopo la kijani lilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya kitabu cha sala. Lilikuwa moja.

*

Tulimzika Ijumaa saa tisa alasiri, nyuma ya kigango. Watu wa tanuri walisimama upande mmoja kwa ovaroli zao za buluu, karibu mia moja, kimya mno. Upande wetu sisi wa kuchambua na wa ofisini, watu walikohoa na kupenga kamasi kama watu wanavyofanya vumbi likitimka. Upande wao haukusikika hata mkwaruzo. Bwana Ngailo alileta pipa la maji kwa ajili ya msiba. Alisimama karibu na katekista, kofia mkononi.

Jeneza lilipofika, kaburi lilikuwa na mtu. Bi Somoe alikuwa amelala ndani yake, chali, amevaa shati la Konradi na kitambaa chake chekundu. Ukoo wa Somoe na ukoo wa kina Nampota ni watani tangu mababu. Mtani ana ruhusa yake msibani na hakuna anayemkasirikia.

"Nani anataka kuniweka mtu juu?" alipiga kelele kutoka chini. "Pamejaa!"

Watu walicheka kidogo, wale waliokuwa wakilia pia. Ndiyo kazi ya mtani. Kaka wa marehemu alitupa sarafu ili atoke. Somoe aliitupa nje.

"Sitaki. Mimi Konradi bwana, nimekufa, nitafanyia nini sarafu?" Aliinuka, akasimama kwa mabega yaliyotanuka, akakoroga sufuria isiyokuwepo. Alikuwa Konradi kabisa. Alimwita mlinzi wa geti kwa sauti ya Konradi. Alifunga fundo la kitambaa kushoto. Watoto wa marehemu walicheka huku wanafuta machozi. Kisha aliweka mkono kifuani.

"Sasa niwaonyeshe alivyokufa. Alikufa kwa kifua. Alikohoa hivi..." Alifungua mdomo, akaufunga. Akageuka kwa watu wa tanuri. "Enyi, alikohoaje?"

Watu wa ovaroli walitazamana.

"Nimeigiza watu ishirini na mbili mimi. Marehemu mjomba wake alikohoa kama punda. Babu yake alikohoa kama mlango. Huyu nimuigizeje? Mtu anajaa maji beseni zima halafu hana kikohozi? Hata mbuzi anakohoa! Nani ameninyang'anya kikohozi cha mtani wangu?"

Hapo ndipo Modesta alipokohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, chenye maji. Alijiziba mdomo kwa kiganja. Cha pili kilipita katikati ya vidole. Watu wa ovaroli za buluu walimgeukia wote kwa pamoja, na wale waliokuwa karibu naye walirudi hatua moja, kama vile amezungumza kwa lugha ya wageni.

Somoe aliweka viwiko ukingoni mwa kaburi. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Modesta. Kikohozi hicho umekipata wapi?"

"Dada," Modesta alisema, akinitazama. Midomoni palikuwa na povu.

"Bi Lihame," Bwana Ngailo alisema kwa upole, "huu ni msiba. Si mahali pake."

"Kaburini ni mahali pa mtani," Somoe alimjibu. "Wewe mahali pako ni wapi? Skola! Sitoki humu. Atalala nje mpaka aoze. Sema."

Kabla sijafungua mdomo nilisikia kingine. Kilitoka kwenye mkeka wa wafiwa. Paskalia alikuwa ameinama mbele, mikono miwili chini, na alikuwa anakohoa kama anayetapika, mfululizo, bila nafasi ya kuvuta pumzi katikati. Kilichodondoka mkekani kilikuwa cheupe chenye uzi wa damu.

Basi nilisema. Nilisema yote, nimesimama ukingoni, kwa sauti niliyotumia kusoma masomo kigangoni. Nilisema kuhusu vioo nilivyoosha na waliozama. Nikasema kuhusu barua yangu, na chai, na makopo mawili, na mwana wa meneja aliyeko Mtwara. Nilipofika hapo Bwana Ngailo alivaa kofia yake akaanza kuondoka, na wanaume wanne wa tanuri wakasimama njiani bila kumgusa. Alisimama.

"Asiache Tulizo mtu yeyote leo," nilisema. "Mkiacha kwa hofu mnakufa. Lakini msirudi kwenye moto wala karibu na wenye homa. Kopo lipo moja. Hili hapa."

Nililitoa. Lilikuwa na joto la mkoba.

Mwanaume mmoja aliuliza, "Ulikuwa nalo tangu lini?"

"Jumanne."

"Konradi amekufa Alhamisi."

"Ndiyo."

Paskalia alipata pumzi. Alininyooshea kidole, hakulia. "Mpe mdogo wako," alisema. "Mpe. Mimi nimemwogesha mume wangu kwa maji yaliyomtoka mwenyewe. Unafikiri naomba? Mpe, halafu uje uniandike mkavu." Kikohozi kikamwangusha tena. Watoto wake, wakubwa wawili na yule wa kunyonya, walimshika kanga.

Modesta alikuwa amekuja ubavuni kwangu. Nilisikia kifua chake kikichemka kama sufuria ya mbali. Nilimtazama kichwani, nywele zake safi. Nilitafuta usoni kwake neno la kunirahisishia. Nilitaka aseme mpe Paskalia. Nilitaka pia aseme niokoe. Mungu anajua lipi nililitaka zaidi, na siku yangu ataniambia.

"Usinitazame, dada," alisema. "Siwezi kukuchagulia. Naogopa." Aliushika mkono wangu wenye kopo, hakuuvuta wala hakuusukuma. Aliushika tu. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Katekista," Somoe alisema kutoka kaburini, "huyu ameandika uongo kwa maandishi. Safari hii aseme kwa mdomo, tusikie wote. Dakika zao zilikuwa ngapi, Skola?"

"Paskalia kumi na tisa," nilisema. "Modesta arobaini na moja."

Modesta aliuachia mkono wangu.

Nilitembea mpaka kwenye mkeka. Nilipiga magoti mbele ya Paskalia, nikavunja lakiri ya kopo kwa meno. Kwanza aligeuza uso. Binti yake mkubwa akamshika kidevu. Alivuta, akakohoa nusu nje, akavuta tena, mpaka kopo likaacha kutoa sauti. Nilisimama. Sikugeuka nyuma, kwa sababu nyuma yangu mdogo wangu alikuwa ameanza kukohoa bila nafasi katikati, na watu walikuwa wanamkalisha chini.

Nilimtazama katekista, nikamtazama Bi Somoe ndani ya kaburi, nikawatazama watu mia moja wasiokohoa. Nilisema:

"Mimi, Skolastika Lihame, naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu na mbele ya Konradi niliyemwandika uongo. Kesho saa moja asubuhi nitabeba vioo vyote getini, kila mtu atamtazama pacha wake kwa jicho lake mwenyewe, na majina ya watakaozama nitayasoma kwa sauti kwa kufuata dakika. Makopo yakija yatatolewa kwa kufuata orodha hiyo, na hakuna mtu wangu atakayeruka hata jina moja. Na huyu mdogo wangu, leo nitamlaza kifudifudi kwenye magoti yangu, nitampiga mgongo na kumtoa ute kwa mikono hii, saa kwa saa, sitalala, sitamwachia mwingine, mpaka apumue mwenyewe au mpaka nije kumchimbia hapa kando. Nimesema. Mmesikia."